Jina Analoitikia

Mji wetu unaitwa Mashua na hauna bahari.
Łódź: tamka utakavyo, ulimi utateleza tu.
Labda ndiyo maana dada yangu hakuona ajabu
kuitwa kitu ambacho hakipo.

Kwenye cheti cha kuzaliwa ni Bogumiła,
jina la bibi mzaa baba, zito kama koti la sufu lililolowa mvua.
Mtandaoni alilikata, kama anavyokata suruali za watu
kule dukani kwenye cherehani, akabakisha upindo:
Mila.
Watu elfu thelathini na nne wanamwita Mila,
na mazoea, wajua, huanza kama utani,
kisha yakawa mila.

Mimi ndiye mpiga picha. Hunioni.
Tazama vizuri ile ya roshani, yenye mapazia meupe:
kwenye kioo cha dirisha kuna kivuli cha kiwiko. Ni changu.
Roshani si yetu, ni ya mteja aliyekwenda Gdańsk
akatuachia funguo tumwagilie maua.
Maua yalikufa. Picha zipo.

Kahawa hainywewi mpaka ipigwe.
Asubuhi moja nilihesabu: mara mia na kumi na mbili
aliinua kikombe kilekile, akacheka kicheko kilekile,
kama mtu anayejaribu ufunguo kwenye mlango usio wake.
Kisha akainywa, imeshapoa, amesimama, bila kucheka,
akawahi tramu.

Usimcheke. Cherehani hulipa chumba.
Mila, na krimu anazotumiwa azisifu,
hulipa dawa za mama.

Na lile kovu la kidevuni (alianguka bembeani
akiwa na miaka sita, mimi ndiye niliyesukuma)
hulifuta kwa kidole, taratibu,
kama mtu afutaye makombo mezani.
Sikuwahi kusema neno. Ningesema nini?
Kila anapolifuta, kosa langu nalo linafutika.

Februari, simu ilimkataa.
Ametoka kuoga, nywele zinachuruzika, uso mtupu:
simu ikamtazama, ikatikisika, ikamwomba namba.
Namba ni siku ya kuzaliwa.
Akaandika. Siyo. Akaandika tena. Siyo.
"Weka ya kweli," nikamwambia,
naye akanigeukia, na naapa hakuwa anatania:
"Ya kweli ni ipi?"
Kule ana miaka ishirini na sita. Hapa thelathini na mmoja.
Mishumaa nanunua mimi, mara mbili kwa mwaka.

Halafu macho ya mama, na upasuaji, na benchi la hospitali.
Muuguzi akaita: "Bogumiła Wrzosek!"
Akaita tena, akitafuta nyuso.
Dada yangu yupo, kichwa chini, vidole vinakimbia,
anamjibu mtu wa Toruń aliyemwandikia
kwamba anapenda jinsi alivyo yeye mwenyewe.
Mara ya tatu nikainuka mimi.

Mama alikuwa amefungwa bandeji machoni.
Akanyoosha mkono. Ukapita shavuni mwa dada, ukashuka,
ukasimama kidevuni
kama mgeni aliyeiona nyumba aliyoelekezwa.
"Lipo," akasema. Basi.
Dada akafumba macho naye. Sijapata kumwona
ametulia hivyo, bila kujua mwanga unatoka wapi.

Nilipiga.
Mkono ulifanya wenyewe, mazoea yana taabu.
Kwenye ngazi akaniuliza, "Ulipiga?"
Nikasema hapana.

Ipo humu. Kovu na vyote. Kiwiko changu hakionekani.
Usiku naifungua, naivuta kwa vidole viwili,
naivuta mpaka kidevu kinakuwa vidoto vya rangi tu,
halafu naifunga
kabla simu haijaniuliza
nataka kumshirikisha nani.